Uliza Ukiwa Bado Raia

Kila mara tangazo la nafasi za JKT linapotoka, simu yangu haitulii. Wanapiga majirani, wanapiga shemeji zangu wa Kilosa, wanapiga watoto wa wenzangu niliotumikia nao, hata watu nisiowafahamu waliopewa namba yangu msikitini. Swali lao ni moja: "Mzee, mtoto ataingiaje?" Nilistaafu jeshini nikiwa afisa mteule, na sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikuwa mkufunzi wa makuruta. Walioniuliza njia ya kuingia hawana idadi. Walioniuliza maisha ya ndani yakoje, na kama mtoto wao anayaweza, ni wachache mno. Ninawaandikia vijana wenyewe, kwa sababu yapo maswali ambayo wakati wake ni kabla ya kiapo tu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na haya hayana ruhusa ya kutoka katikati eti umehisi baridi.

Siwalaumu wanaoutazama mshahara kwanza. Kijana amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakumbeba, shamba la familia limegawanywa mpaka limebaki vipande, na kila siku anamwona askari wa kikosi cha jirani akipita na kombati iliyonyooshwa. Ana uhakika wa mwisho wa mwezi, ana matibabu, na mtaani anasalimiwa kwa heshima. Kuyatamani hayo si aibu. Nami nilitoka kwenye nyumba yenye watoto wengi na sufuria moja. Ila mshahara unakufikisha getini tu. Saa nane usiku uko lindoni, mvua imeingia mpaka ndani ya buti, hujalala vya kutosha, na mwenzako aliyepaswa kukupokea ameugua. Saa hiyo humkumbuki mhasibu. Unabaki pale kwa sababu kuna watu wamelala nyuma yako na wamekuamini. Kijana ambaye hajawahi kumfanyia mtu jambo gumu bila malipo, hata kumwuguza bibi yake, ajichunguze kwanza hapo.

Halafu ajue anaomba nini hasa. Wengi wanaonipigia huchanganya JKT na JWTZ. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, kwa ajili ya kuwalea vijana katika uzalendo na kazi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, nalo ndilo jeshi la ulinzi. Anayeingia JKT kwa kujitolea hupata mafunzo ya awali ya kijeshi, kisha hufundishwa kazi: kilimo, ufugaji, ujenzi, ufundi. Muda wake ni miaka miwili, na anachopokea ni posho. Baada ya hapo baadhi huchukuliwa na JWTZ au na vyombo vingine vya ulinzi na usalama, na wengine wengi hurudi nyumbani na cheti chao. JKT yenyewe hutangaza waziwazi kwamba haitoi ajira. Watu wanasikia, lakini hawaamini. Kila mzazi anadhani onyo hilo ni la watoto wa wengine.

Vijana wa Mirerani ni mfano mzuri wa hili. Mwaka 2017 Rais John Magufuli aliagiza machimbo ya tanzanaiti yazungushiwe ukuta, na JKT wakapewa kazi. Ukuta wa kilomita 24.5 ukasimama kabla ya muda uliokadiriwa, ukazinduliwa Aprili 2018, na taifa zima likawapigia makofi wale vijana. Ajira zikatajwa. Vijana wengine waliofanya kazi za ujenzi baada ya hapo nao wakaweka matumaini yao hapohapo. Aprili 2021, Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kwamba vijana 854 wamesitishiwa mikataba yao ya kujitolea na kurudishwa makwao, baada ya kugoma na kutaka kwenda Ikulu kudai kuajiriwa. Baadaye walisamehewa. Niliposikia habari ile ya kwanza niliumia sana, kwa sababu ninalijua jasho la kijana wa JKT kwenye zege. Lakini najua pia kwamba jeshini hakuna mgomo. Mwalimu anaweza kugoma, hata dereva wa daladala. Mtu aliyefundishwa silaha akigoma, mgomo wake unaitwa jina lingine.

Nchi yetu ilijifunza hilo mapema. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Madai yao yalieleweka: mishahara ilikuwa duni, na miaka miwili baada ya Uhuru maofisa wa Kiingereza bado walikuwa juu yao. Lakini waliyadai kwa bunduki. Maduka ya Dar es Salaam yaliporwa, watu wakafa, na Mwalimu Nyerere akalazimika kufanya jambo ambalo halikumpendeza hata kidogo, kuomba majeshi ya Uingereza yaje kuzima maasi. Jeshi lile likavunjwa lote, na jipya likajengwa kwa vijana, wengi wao wakitoka Umoja wa Vijana wa TANU. Nilikuwa nawasimulia makuruta habari hii mapema, kabla hawajaizoea bunduki. Ukivaa sare unaacha nyumbani baadhi ya haki za raia. Katiba, ibara ya 147, inakuruhusu kupiga kura lakini inakukataza kujiunga na chama chochote cha siasa. Huandamani, husemi lolote kwa waandishi, hujibizani na mkubwa wako mtandaoni. Malalamiko yana ngazi zake, na ngazi hizo wakati mwingine ni za polepole mno. Kijana ambaye damu yake inachemka akionewa, na huo si ubaya, ajiulize kama anaweza kuandika barua, akaipeleka kwa mkuu wake wa platuni, akangoja.

Wiki za kwanza za mafunzo watu wengi huzielewa vibaya. Huja wakidhani zinataka misuli. Kuruta hatembei, anakimbia. Filimbi inalia kabla ya mwanga, mnatoka hangani mbio, mchakamchaka na nyimbo, kisha usafi, uji, na kwata mpaka jua linasimama utosini. Jioni unafua, unapiga buti rangi, na ukidhani umemaliza unaitwa kwenda fatiki, yaani kazi za kambi. Nimeona vijana wenye vifua vya kubeba gunia wakifungasha kabla ya mwezi kwisha. Miili yao ilikuwa mizima kabisa. Walichoshindwa ni kuamrishwa na koplo mdogo kwao kwa umri, tena mbele za watu, kurudia kutandika kitanda ambacho wao waliona kimetandikwa vizuri. Na nimeona vijana wembamba, watoto waliozoea kuchota maji mbali na kulala na njaa bila kununa, wakimaliza mafunzo kwa wepesi uliotushangaza sisi wakufunzi.

Namkumbuka binti mmoja kutoka Sumbawanga. Kwenye kwata alikuwa wa kawaida, na kwenye mbio alikuwa nyuma kidogo. Siku ya shabaha wenzake walishika bunduki kwa kuibana, meno yameumana, na risasi zikaenda zilikotaka. Yeye alilala kifudifudi, akaweka kitako cha bunduki begani taratibu, akakaa kimya muda mrefu mpaka afande wa pembeni akataka kumwuliza kulikoni. Alikuwa anasikiliza pumzi yake. Alipotoa pumzi nusu, akavuta triga kwa ncha ya kidole bila kutikisa kiwiko. Tulipokwenda kutazama, risasi zake zote zilikuwa mahali panapofunikwa na kiganja. Nilimwuliza nani alimfundisha. Akasema, "Hakuna, afande. Nimefanya kama ulivyosema." Hiyo ndiyo sifa ninayoitafuta kwa kijana: kusikia alichoambiwa na kukifanya hivyo hivyo, bila kuongeza chake. Wasichana wanaoniuliza kama jeshi ni la wanaume huwa nawaeleza habari ya binti huyu.

Kuhusu mwili, nina moja tu la kusisitiza. Usimfiche daktari. Mtu mwenye pumu, kifafa au selimundu akinyamaza siku ya kupimwa kwa sababu anaiogopa fomu, hatari yake haibaki ofisini. Inamsubiri kwenye mbio za masafa, juani, maji yakiwa yamemwishia. Nimembeba kijana wa namna hiyo mgongoni mwangu, midomo imebadilika rangi, wenzake wakikimbia mbele kutafuta gari. Alipona. Alipopata nguvu alisema mama yake ndiye aliyemwambia asiseme. Wazazi, nawaombeni.

Kuna karatasi moja ambayo makuruta huijaza haraka, wakitaka wamalize waende kula. Inauliza jina la ndugu wa karibu, anapoishi, namba yake ya simu, na nani apewe haki zako ikiwa hutarudi. Nilikuwa nikipita kati ya madawati nikamkuta kijana mmoja kalamu yake imesimama. "Afande, nimwandike mama au mchumba wangu?" Wenzake wakacheka. Nikawanyamazisha, nikamwuliza: "Habari yako mbaya ikifika nyumbani usiku wa manane, nani ataweza kuipokea?" Alikaa kimya. Kisha akaandika jina la kaka yake mkubwa kwenye nafasi ya kwanza, na la mama yake kwenye nafasi ya mrithi. Nikamwambia, "Ukioa, rudi ubadilishe." Wengi hawarudi kubadilisha. Nimekaa kwenye misiba ambako mjane mwenye watoto wadogo na mama mzazi wa marehemu wamekaa pande mbili za turubai moja bila kutazamana, kwa sababu ya karatasi iliyojazwa na kijana mwenye njaa miaka mingi iliyopita. Mwanajeshi aliyeoa na bado hajarekebisha kumbukumbu zake asome mpaka hapa, kisha aende kwa karani wa kikosi.

Maana kufa kupo, na tusizungukezunguke. Tarehe 13 Julai 2013, huko Darfur, karibu na Manawashi, msafara wa walinda amani ulishambuliwa na Watanzania saba wakauawa. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi yetu ya Semuliki, katika eneo la Beni huko Kongo, ilivamiwa jioni na waasi wa ADF, mapigano yakaenda kwa saa nyingi, na askari wetu wasiopungua 14 wakauawa, wengine wengi wakajeruhiwa. Miili iliagwa Upanga, Dar es Salaam. Majina yalipotoka, sisi tuliopata kufundisha makuruta tuliyasoma polepole, jina moja moja, kila mmoja akiogopa kulikuta analolijua. Hao hawakuwa wanalinda mpaka wa Tanzania. Walikuwa wanawalinda wakulima wa nchi nyingine, watu wanaozungumza Kiswahili kwa lafudhi yao, ambao bila wao wangechinjwa vijijini. Mimi ninaamini kazi ile ilikuwa ya haki. Lakini imani yangu haikutoshi wewe kijana. Unatakiwa uwe na yako, tena uwe nayo kabla ndege haijaondoka.

Nilikwenda Darfur baadaye kidogo. Kinachonijia zaidi si risasi. Ni akina mama waliokuwa wakitoka kambi za wakimbizi kwenda kuokota kuni, wakitembea pembeni ya magari yetu kwa sababu tulipokuwepo hawakubakwa. Tulipanga doria kufuata saa zao za kuni. Vumbi lilikuwa linaingia kwenye chakula, kwenye simu, kwenye macho, na hakuna aliyetupongeza. Mwanamke mmoja alizoea kunyoosha mkono wake kuelekea kwetu kila alipopita, bila neno, kisha akaendelea na mzigo wake. Kwa hiyo mtu akiniambia jeshi ni la vita, namjibu kwamba siku nyingi za askari ni kuwepo tu mahali ambapo mwenye nia mbaya asingependa uwepo. Mtu anayetafuta msisimko atachoka haraka.

Baba yangu mdogo alikwenda vita vya Kagera. Idi Amin alipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, baba mdogo alikuwa mgambo tu, mkulima wa mahindi. Akaandikishwa, akavuka Mto Kagera na wengine, akafika Kampala, iliyoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Alirudi na hadithi nzuri, akazisimulia kwa miaka. Zile nyingine hakuzisimulia. Mkewe ndiye aliyetuambia, baada ya yeye kufariki, kwamba alikuwa akilala sakafuni kila ndege ilipopita usiku, na kwamba aliwahi kumkaba katika ndoto. Wakati wake hakukuwa na wa kumwambia. Leo hospitali zipo, madaktari wa afya ya akili wapo, na bado naona askari vijana wakificha usingizi wao mbovu kwenye pombe, wakiogopa kuonekana dhaifu na kuachwa kwenye orodha ya misheni inayofuata. Ukirudi ukiwa hulali, sema. Mwambie daktari wa kikosi, na umwambie mwenzako mnayelala chumba kimoja. Anayekucheka ujue naye halali.

Sasa nirudi kwa wanaonipigia simu wakitafuta koneksheni. Mwenye haja ya kujiunga na JKT kwa kujitolea huanzia wilayani kwake, na kupeleka maombi hakulipiwi. JWTZ wakitangaza nafasi, masharti huandikwa humo humo: uraia wa Tanzania, umri, vyeti halisi, kitambulisho cha NIDA, kuwa hujaoa wala kuolewa, kuwa na cheti cha mafunzo ya JKT. Hakuna kanali anayepokea pesa kwa simu ili akupe namba ya jeshi. Familia moja hapa kwetu Morogoro iliuza kiwanja, ikamlipa mtu aliyevaa kombati safi na kusema kizalendo sana. Kijana akaambiwa aripoti siku fulani na sanduku la chuma, ndoo na jembe. Alikaa nje ya geti la kikosi tangu asubuhi mpaka walinzi walipomhurumia na kumweleza kwamba jina lake halipo popote. Aliyekula pesa ile hajaonekana hadi leo. Hata kama angekuwa mkweli, fikiri: umenunua nafasi ya kupewa silaha na kulinda wengine. Siku ya kwanza tu ungekuwa umeingia na uongo, na uongo huo una mtu anayeushika mkononi.

Na ukifanikiwa kwa haki yako, usiruhusu mshahara wa kwanza ukutie kitanzi. Nimewaona askari wapya wakijaza mikopo kabla hawajazoea mabuti: pikipiki, simu kubwa, mchango wa harusi ya binamu, halafu mkopo wa mtaani wa kausha damu ili kulipa mkopo wa benki. Nyumbani nao wataanza kupiga simu, kwa sababu mtoto wao sasa ni wa serikali. Wasaidie kwa kiwango, na uwaambie kiwango hicho mapema bila aibu. Kisha jifunze kazi ndani ya jeshi. Kuna mafundi magari, madereva wa mitambo, wauguzi, mafundi wa mawasiliano, wapishi. Askari wa kawaida hustaafu bado ana nguvu na watoto wako shule. Aliyejua bunduki peke yake huishia kulinda geti la ghala la mtu usiku. Kazi hiyo ni halali, naiheshimu, ila wengi walioifanya waliniambia wasingeichagua.

Miaka michache iliyopita alikuja kijana mmoja nyumbani na baba yake. Baba alitaka nizungumze na watu wa jeshini ili mwanawe apate nafasi. Nikamwomba atuachie nafasi, nikakaa na kijana barazani. Nilimweleza haya yote, naye akaniuliza maswali matatu au manne ya maana, mojawapo likiwa: "Mzee, ukiamriwa jambo usilolikubali moyoni, unafanyaje?" Nilimjibu ukweli: amri isiyo halali unaikataa na unakuwa tayari kubeba matokeo yake, na amri halali usiyoipenda unaitekeleza leo, malalamiko kesho. Alitafakari siku kadhaa, akaniambia haendi. Alisema hiyo ya pili haiwezi, na hataki kwenda kujidanganya mbele ya bendera. Nilimshika mkono kwa heshima ile ile ambayo ningempa aliyehitimu.

Baba yake alininunia kwa muda mrefu. Kijana alikwenda VETA, sasa ni fundi umeme na ndiye aliyeunganisha nyaya za nyumba ya binti yangu. Aliyekwenda jeshini ni mdogo wake wa kike. Alipangiwa kambi ya JKT ya Bulombora, Kigoma, na kabla ya kuondoka alikuja na daftari, akaniweka barazani kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi, maswali yake yakiwa mengi kuliko ya kaka yake.